Mstari Uliouacha Wazi, Bi Saumu

Majengo, asubuhi ya pili baada ya arobaini yako

Bi Saumu,

Nimekasirika, na baada ya kuzunguka ua huu mzima nikitafuta wa kumkasirikia nimeona umebaki wewe tu. Kwa hiyo leo utanisikiliza. Miaka tisa umenisemesha wewe, mimi nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, sina pa kwenda, na kila nilipofungua mdomo nijibu ulinitilia kipande cha kitu nitafune. Leo huna cha kunitilia.

Nianze na habari za nyumbani, maana najua usingesikia neno lolote kabla ya hizo. Ua umefagiwa. Bomba la nyuma bado linavuja, na mpangaji wa chumba cha mbele bado anasema atalitengeneza Jumapili. Mama Baraka amepanda pilipili zake za Kikongo kwenye lile karai bovu, ukipita karibu unapiga chafya. Kiti chako tumekiacha palepale kwenye ukumbi. Hakuna aliyekikalia ila paka, naye nimemfukuza mpaka nimechoka. Binti yako Fatuma alikuja kutoka Mombasa, akalia siku mbili, siku ya tatu akaanza kupanga upya masufuria yako na kulalamika kwamba hayana mifuniko, hapo tukajua atapona.

Sasa hasira.

Unamkumbuka yule dada wa kitabu cha mapishi. Alikuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya ua kula pamoja, na kamera yake shingoni na viatu visivyofaa kwa maji ya mtaro wetu. Ilikuwa zamu ya Mama Baraka, na sombe, yale majani yake ya muhogo, ilikuwa imeshatwangwa, mawese yanachuruzika. Dada akala, akafumba macho, akasema hajawahi kuona nyumba moja ya Majengo inapika dunia nzima. Ukampenda papo hapo. Ukamweleza jinsi ulivyoianzisha Jumamosi hiyo, kwamba ulichoka kunusa chakula cha vyumba kumi na kula cha chumba kimoja. Kisha ukaingia ndani ukamtolea daftari lako la jalada jeusi, ukampa kwa mkono wako mwenyewe, akalale nalo.

Mimi nilikukataza. Usiseme sikukukataza. Nilisimama pale mlangoni na patasi mkononi nikakuambia, "Bi Saumu, hilo daftari si la kutoka." Ukacheka kile kicheko chako cha puani. "Mutisya, we, litamfaa nini bila wenyewe? Akitaka kupika atarudi kuuliza."

Hakurudi.

Kila mtu wa ua huu alijua daftari lile lilivyo. Kila pishi lilikuwa na mstari mmoja ulioachwa wazi. Ulikaa na mwenye pishi, mkaandika kila kitu, mkono wako ule wa madrasa, herufi zimelala, kisha ukamuuliza ni hatua gani tuiache. Mwenyewe akachagua. Ukapiga mstari mtupu pale, ukaandika pembeni jina lake na chumba chake. Aliyetaka kujua kilichokuwa hapo alikwenda akabisha mlango huo. Nilipokuuliza kwa nini unajisumbua hivyo, ulisema watu wakishapata karatasi hawana tena sababu ya kusalimiana. Nikakuona una mambo ya ajabu.

Basi kitabu kimetoka, wiki ya tatu tangu tukuzike. Afadhali hukukiona. Ni kizito, kinang'aa, picha kubwa kubwa. Tulialikwa kukizindua, mimi na Mama Baraka, ng'ambo ile ya mji, kwenye ukumbi wenye mazulia. Tigist, Mhabeshi wetu wa mlango wa nne, alialikwa pia, akaja, akakaa meza nyingine kwa sababu unazozijua. Nilivaa koti langu la kanisani. Tukaletewa chakula kwenye visahani vidogo, na kadi ndogo mbele ya kila kisahani. Kadi yangu iliandikwa "Muthokoi, chakula cha asili cha Afrika Mashariki." Afrika Mashariki nzima, Bi Saumu. Mama yangu alitwanga muthokoi kule kwetu Mwala mpaka mabega yakamshuka, na leo mwenye chakula chake ni Afrika Mashariki nzima.

Nikakifungua kitabu nikatafuta majina. Sikuona la Mama Baraka, wala la Tigist, wala langu. Lako lipo kwenye ukurasa wa shukrani, limebanwa kati ya mpiga picha na mtu aliyewapa vyombo. Ukurasa mzima wameuachia mwiko wangu. Ni ule niliokuchongea mwaka wa kwanza, wenye kovu shingoni mahali mti ulipokuwa na fundo, na chini yake pameandikwa, "Mwiko wa kitamaduni." Mimi nimekaa mbele ya kitabu hicho, mikono yangu hii mezani, nasoma kwamba mwiko wangu umechongwa na utamaduni.

Lakini hilo ningelimeza. Nachonga twiga wa kuuzia wageni pale Gikomba miaka ishirini na tatu, nimezoea kazi yangu kuondoka bila jina. Lililonipandisha damu ni ile mistari. Wameijaza. Kila mahali ulipoacha pengo, dada na wenzake wamekisia kitu wakakiweka. Kwenye muthokoi nilikuwa nimeiacha ile hatua ya kutwanga, ya kuyalowesha mahindi kidogo na kuyatwanga mpaka ganda litoke, ili atakayetaka aje nimwonyeshe na nimwazime kinu. Wao wameandika, "Chemsha mahindi makavu hadi yaive." Hiyo ni githeri, mahindi na ganda lake. Mtu atanunua kitabu kile kizito, apike githeri, awaambie wageni wake wanakula muthokoi wa Wakamba, na wageni watasema Wakamba hawana jipya.

Kwenye injera ya Tigist, mkate wa kwao, wameweka beking pauda.

Nilimtazama kule mezani kwake alipofika ukurasa ule. Alikifunga kitabu taratibu, akakisukuma mbali kidogo kwa vidole viwili. Ulikuwa wakati wa kumwendea, hata mimi najua. Badala yake nikamwendea dada wa kitabu, katikati ya watu wake, nikamuuliza nani alimruhusu kujaza. Hakunijibu kwa ubaya, nakiri. Alinishika bega. "Mzee, tulia. Hizo resipe zilikuwa na mashimo, so tukajaza. Na hii ni chakula ya jamii, si ya mtu moja." Nikamwambia jamii hiyo ina milango na mlango wangu ni wa tatu kushoto. Akasema atalifikiria watakapochapa tena. Mama Baraka akanivuta kwa koti tukaondoka, na njia nzima akawa ananituliza, "Wee Mutisya, wacha. Haiko mubaya sana." Ilikuwa mbaya sana.

Hiyo ni hasira ya kwanza. Ya pili ni yako.

Wewe mwenyewe uliagiza, mbele yetu sote, siku zile bado ukiweza kukaa, kwamba kwenye arobaini yako watu wasile keki za dukani. Wale mkate wa sinia, uliopikwa ndani ya ua huu, na atakayeupika ni Mutisya. Ulinitaja kwa jina. Shehe alikuwepo. Fatuma alikuwepo. Mama Baraka akapiga kigelegele kidogo kisha akakumbuka tuko kwa mgonjwa. Mkamba wa kanisani, fundi wa twiga, ampikie Bi Saumu binti wa Lamu mkate wa arobaini. Nilitoka nje nikasimama kando ya bomba nikijifanya naosha uso.

Kwa sababu unajua nilikotoka. Mke wangu Ndanu alipofariki sikujua kupika zaidi ya chai. Mwezi mzima nilikula mkate mkavu na soda chumbani, mlango nimeufunga. Ukaniita nikutengenezee mbuzi, ukasema mguu unacheza. Mguu haukuwa unacheza. Ukaniambia nimjaribu mbuzi huyo kwa nazi moja, kisha ya pili, kisha kwa kuwa tui lipo tayari si vizuri lipotee, na siku hiyo nikala wali wa nazi uliokamuliwa na mikono yangu mwenyewe. Kesho yake ukasema mguu unacheza tena. Ulinifundisha kila kitu hivyo, kwa uongo mdogo mdogo, na nilipokuja kugundua nilikuwa tayari najua kupika biriani.

Mkate wa sinia ulinifundisha mwisho. Mchele wa kulowekwa tangu jana. Tui zito. Hamira, sukari, iliki ya kutwangwa papo hapo. Ute wa yai mwishoni. Makaa chini machache, makaa juu ya mfuniko mengi. Nilikuwa nawasha moto, nakuna nazi, natwanga iliki, na wewe unasaga mchele kwenye blenda umenipa mgongo. Nilidhani najua kila kitu.

Siku kumi kabla ya arobaini nikajaribu. Ukatoka mgumu. Nikasema ni moto. Nikajaribu tena, nikapunguza makaa, ukaumuka ukaanguka. Wa tatu ulikauka kati. Wa nne Mama Baraka alisema unaweza kuutandika mlangoni watu wafutie miguu. Nikafungua daftari lako, lilirudi, Fatuma alilifuata yeye mwenyewe kwa dada wa kitabu, na ukurasa wa mkate wa sinia una mstari mtupu palepale, baada ya "saga mchele na tui." Pembeni hukuandika jina lolote. Chumba hukuandika. Umeacha wazi ukaondoka.

Nilikifungua hata kile kitabu, Bi Saumu, uone nilivyofika. Wameweka beking pauda na hapo pia. Nikajaribu. Huo wa tano nilimpa paka, akaunusa akarudi kwenye kiti chako.

Nilikusema sana siku hiyo. Nilikusema kwa Kikamba ili majirani wasielewe. Miaka tisa nimekuwa miguu yako sokoni na mikono yako jikoni, nimebeba magunia ya makaa, nimekukunia nazi zinazoweza kujaza lori, na umeninyima hatua moja. Sikuona tofauti yako na dada wa kitabu. Yeye alijaza, wewe ukaficha, na katikati nimekaa mimi na unga wa mchele kwenye ndevu.

Siku nne kabla, Fatuma akanikuta hapo uani na akaniuliza swali moja tu. "Fundi, umeuliza mtu?" Nikamwambia nimuulize nani na mwenyewe yuko kaburini. Akasema, "Mama aliniambia hivi. Mutisya akiuliza, mwambie mstari uko kwa Tigist. Asipouliza, nyamaza, tule keki."

Kwa Tigist.

Nilitaka kuja Kariokor makaburini nikugongee.

Ulikuwepo siku ile, kwa hiyo sitakuongopea, ingawa kwa mwaka mmoja na nusu nimeisimulia vingine. Ilikuwa Jumamosi yangu. Maji yalikuwa yamekatika siku tatu na nilihitaji ndoo. Nikaiona ndoo nyeupe ya Tigist kando ya ukuta, nikaifunua, ndani maji ya rangi ya shaba yenye mapovu, yananuka uchachu uliokata pua. Nikayamwaga mtaroni. Nikaisugua ile ndoo kwa sabuni, nikaianika juani, na nikajiona mtu mwema. Tigist akatoka chumbani. Akaiona ndoo. Akaenda akachuchumaa kando ya mtaro, akaweka vidole kwenye maji machafu kama anayetafuta shilingi iliyoanguka, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mama yangu alikuwa ndani ya hiyo ndoo."

Ile ilikuwa chachu ya injera yake, ersho, alivyotueleza baadaye wewe na Mama Baraka mkiwa mmemkalisha kitandani. Mama yake alimpa kwenye chupa siku anaondoka Addis, naye mama alipewa na mama yake. Ilivuka mpaka wa Moyale ndani ya nguo. Miaka kumi na moja alikuwa anailisha, kila akikoroga unga mpya anabakisha kidogo cha wa zamani, na mama yake alikuwa ameshafariki asiweze kumpa nyingine. Nami nilisimama uani nikasema kwa sauti watu wote wasikie, "Si yalikuwa yamechacha."

Uliniambia nikaombe msamaha. Nilikujibu siwezi kuomba msamaha kwa kusafisha ndoo. Ukaniambia tena kesho yake, na kesho kutwa, kisha ukaacha kuniambia, na nikafikiri umekubali kwamba nilikuwa na haki. Kumbe ulikuwa unapanga. Tigist alipata chachu nyingine kwa Mhabeshi mwenzake wa Eastleigh, akaendelea kupika, na kila Jumamosi yake alimpakulia kila mtu wa ua huu injera na mimi akaniruka. Nami nikawa nachukua chapati yangu nakula nimesimama, najifanya sijali.

Jinsi nilivyokereka na ujanja wako, Bi Saumu. Kumlazimisha mtu mzima kutoka kaburini. Nilikaa saa nzima kitandani nikijiambia keki ni chakula pia. Nikachukua mwiko mpya, wa mpingo, niliokuwa nimemaliza kuupaka mafuta, nikasema nitampa huo, ataelewa. Nimefika nusu ya ukumbi nikakiona kiti chako na paka wake, nikarudi nikauweka mwiko chini. Maisha yangu yote nikikosana na mtu namchongea kitu. Hata Ndanu aliacha masanduku mawili ya vitu nilivyomchongea na neno "samahani" sikuwahi kumwambia.

Nikabisha mlango mikono mitupu. Akafungua, akanitazama, akangoja. Nikasema nimekuja kuhusu mkate. Akasema, "Najua. Sema kingine kwanza." Nikasema nilikuwa nahitaji ndoo. Akaanza kufunga mlango, taratibu tu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Ndipo likanitoka. Nikamwambia nilimwaga chachu ya mama yake. Nikamwambia kwamba nilipoifunua ile ndoo nilijua si maji machafu, kuna mtu aliyeifunika vizuri na kitambaa safi, na nilimwaga tu kwa sababu ilikuwa inanuka chakula cha wengine. Nikamwambia nilichosema mtaroni nakisikia kila siku nikipita pale. Nikasema samahani. Lilitoka dogo, likabidi nilirudie. Halafu, sijui kwa nini, nikamuuliza mama yake aliitwa nani, maana miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza.

"Almaz," akasema. Akaufungua mlango wote.

Alinikalisha kwenye kile kistuli chake kifupi, akaleta sinia moja, injera imetandazwa, shiro, ule mchuzi wao mzito wa dengu, katikati. Nikanyoosha mkono nile, akanizuia. Akakata kipande, akakikunja na shiro ndani, akanitia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, tonge kubwa nusura linipalie. Wanafanya hivyo kwao kwa mtu wanayemheshimu au wanayempatanisha, sikuuliza lipi. Ilikuwa chachu, Bi Saumu. Ilikuwa tamu sana. Nililia kama mtoto na pua ikaingia kwenye chakula, naye akajifanya anatafuta chumvi.

Tulipomaliza akaniambia mstari wako. Alinong'ona, hata kama tulikuwa wawili tu.

"Konzi moja ya wali uliolala. Unausaga pamoja na mchele mbichi."

Wali wa jana. Wali ule ule, Bi Saumu. Miaka tisa nilifika jikoni kwako asubuhi, nikafunua sufuria ya jana kabla sijakusalimu, nikaanza kukomba, na miaka tisa ulinipiga mkono kwa mwiko niliokuchongea mwenyewe. "Usiumalize, Mutisya. Bakisha konzi." Nikuulize ya nani, unasema ya mgeni. Nilinung'unika. Nilimwambia Mama Baraka kwamba wewe ni mkarimu kwa kila kitu isipokuwa wali wa jana. Niliuona mstari wako kila asubuhi na kila asubuhi nilitaka kuula.

Tigist alicheka mpaka akashika ukuta. Mwanzoni niliudhika, kisha nikacheka pia, na Mama Baraka akatoka chumbani kwake kuangalia ni nani amekufa.

Siku ya arobaini yako mkate uliumuka mpaka ukagusa mfuniko. Tulioka sita. Tigist alisaga, mimi nikakaa juu ya mbuzi, Fatuma akasimamia makaa na kutulaumu sote. Kisomo kilipokwisha shehe alikula vipande vitatu, akauliza nani amepika, na Fatuma akanitaja. Akaniambia Mungu akulipe mema kupitia mikono hii. Nikaitikia amina yangu ya kanisani na hakuna aliyeshtuka.

Dada wa kitabu alikuja pia, amejifunga mtandio vizuri, nakiri tena. Alikula, akafumba macho kama ile siku ya kwanza, akatoa simu. "Mzee, hii imekuwa aje hivi? Yangu ilikataa kabisa. Niambie siri nirekebishe." Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga wiki nzima. Lakini Tigist alikuwa amesimama mlangoni kwake ananitazama, basi nikamwonyesha kwa kidole. Nikamwambia aiweke simu mfukoni, abishe mlango ule, aanze na salamu. Alikwenda. Alikaa huko ndani muda mrefu, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu na mkononi ana kijikaratasi chenye majina. Sijui atafanya nini nacho. Bado simwamini. Kitabu kile bado kiko madukani na githeri yake ndani.

Nakala niliyopewa nimeshaitengeneza. Nimeandika kwa kalamu, kila ukurasa, jina na chumba. Mama Baraka, cha kwanza kulia. Tigist binti Almaz, cha nne kushoto. Mahali walipojaza nimepiga wino mweusi mpaka pasisomeke. Na kila nakala nitakayokutana nayo maishani nitaitendea hivyo, hata kama ni dukani na mwenye duka anatazama. Hiyo ahadi ya kwanza. Ya pili ni kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi haifi, nami sitakula tena nimesimama. Na daftari lako halijazwi. Pale pembeni ya mkate wa sinia, ulipokosa kuandika jina, nimeandika la Tigist kwa mkono wangu mbaya.

Hasira yangu haijaisha, usije ukafikiri mkate umeimaliza. Nimekukasirikia kwa kuondoka, kama unataka ukweli, na sina mlango wa kwenda kubisha kwa hilo. Asubuhi nafika jikoni nanyoosha mkono kwenye sufuria na hakuna wa kuupiga.

Pumzika, Bi Saumu, mama yangu wa pili. Jana nilipika wali wa nazi. Nikabakisha konzi moja, nikaifunika, nikaenda kukaa mbali nayo kwa sababu najijua. Leo asubuhi nimefunua sufuria na konzi bado ipo.

Wako,
Mutisya, mlango wa tatu kushoto